Msimu wa Mawe Meupe

2 Juni

Wifi amenipa daftari hili, jipya, jalada gumu, niliweke mezani ili wageni waandike maoni yao. Nimelificha chini ya vitambaa vya jikoni. Wageni wana simu za kuandikia maoni. Mimi sina pa kusemea, na katika nyumba hii mtu akinyamaza sana anaweza kupasuka. Basi nitaandika mimi, mpaka mvua zirudi na wageni waondoke.

Nyumba ni ya marehemu mkwe wangu. Wakati wa vita askari waliikalia, wakatuachia masizi ukutani na tundu la risasi kwenye mlango wa chumba cha mwisho. Wifi, dada wa mume wangu, aliporudi kutoka ng'ambo alikokimbilia, akasema tuifanye nyumba ya wageni. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nani atakuja kulala hapa kwa hiari yake?

Walikuja. Kwanza wale wa magari meupe, waliotumwa kuandika kilichobomoka. Wakala, wakalala, wakapanda mlimani kutazama maporomoko, wakarudi midomo wazi. Miaka yote ile hakuna aliyethubutu kukata hata ukuni kule kwa kuogopa mabomu yaliyofukiwa, kwa hiyo msitu umesimama kama ulivyoumbwa. Wakawaambia rafiki zao, rafiki zao wakapiga picha, picha zikasafiri. Sasa redio inatuita hazina iliyofichika. Kilichotuficha hakitajwi.

Mume wangu ni fundi viatu. Mguu wake wa kushoto ulibaki huko huko juu, kwenye barabara ya zamani, karibu na jiwe kubwa lililopasuka. Wageni wakimuuliza kama ameyaona maporomoko anawajibu, "Niliutanguliza mguu. Ndio mtalii wa kwanza." Hawajui wacheke au wasicheke, naye anaendelea kugonga soli.

5 Juni

Bomba limekauka tena. Wageni wameoga kwa ndoo, kisha wakaipiga picha ndoo.

10 Juni

Mwenyekiti wa kamati ya utalii ametuita uwanjani. Zamani alikuwa muuza betri za redio. Siku hizi anatembea ametanguliza tumbo, nasi tunamwita Mheshimiwa, wala hajashtuka kwamba tunamtania. Amesema mlima wote umesafishwa, wategua mabomu wamemaliza kazi yao wakaenda, na mambo ya vita tusiyataje mbele ya wageni isipokuwa wakiuliza wenyewe. Kila mtaa upambe kipande chake cha barabara. Mawe ya kandokando yapakwe chokaa. Mtaa utakaoshinda utawekewa taa.

Wifi alinyoosha mkono kabla mtu hajapumua. Kwa mtaa wetu ataongoza yeye. Anapenda kuongoza. Tangu arudi anatufundisha hata namna ya kukunja taulo, kana kwamba sisi tuliobaki tulikuwa tukijifuta kwa majani.

15 Juni

Tumepaka mawe tangu asubuhi, kuanzia darajani mpaka kwenye kibao cha mwanzo wa njia ya mlimani. Mchana nikarudi kupika. Chokaa ilikuwa imebaki, na wifi si mtu wa kurudisha kitu, basi yeye na vijana wa mtaa wakaendelea kupanda. Amerudi jioni mweupe mpaka nyusi, anaimba.

16 Juni

Tumeshinda. Wifi amebebwa juu juu. Nimepiga makofi, ila si kwa nguvu.

28 Juni

Binti yetu amepewa kitambulisho cha kuongoza wageni. Amekivaa shingoni hata wakati wa kula. Nilikataa, baba yake akakubali, shangazi yake akashangilia, nikawa nimeshindwa.

"Mama, wewe bado unaishi vitani," akaniambia.

"Ndiyo. Na wewe ulikuwa mgongoni kwangu."

Kwa sasa wageni wanaishia kwenye jukwaa la kutazamia, chini ya maporomoko. Huko hakuna wasiwasi. Lakini namjua mwanangu, leo jukwaani, kesho kileleni. Nikamkalisha nikamwambia asikie vizuri. Siku atakayopita jukwaa, atakuta mawe mekundu yamepangwa kukata barabara ya zamani, ile pana. Pale apinde kulia, kwenye kijia chembamba kinachopanda mwambani. Asiyavuke mawe mekundu hata nikimwita mimi mwenyewe.

"Mawe mekundu, pinda kulia," akasema kwa sauti ya kitoto cha shule, akanibusu shavuni, akaondoka.

7 Julai

Nimemwita seremala azibe lile tundu la risasi mlangoni. Nimechoka kulipita kila siku na mashuka mikononi. Wifi amemrudisha seremala njiani, kisha amelizungushia tundu fremu ya picha. Eti wageni wanakiomba chumba kile kuliko vyote.

Tumekorofishana mbele ya jiko.

"Ninyi mliobaki mnadhani vita ni mali yenu peke yenu," akasema.

"Na ninyi mliokimbia mkatuachia, mmerudi kuviuza."

Nilijua nimemchoma, na nilifurahi. Nimefurahi mpaka jioni, kisha furaha ikaisha.

19 Julai

Vumbi. Wifi na mimi tunasemeshana kupitia kwa binti.

2 Agosti

Nyumba imejaa. Mgeni mmoja amemwomba mume wangu avue mguu wa bandia apigwe picha. Mume wangu akamuuliza kwa heshima zote, "Na shati nivue?" Mgeni akatoweka mpaka chakula cha jioni.

Nilicheka pamoja na wifi bila kukusudia. Tulipogundua, kila mmoja akageukia sufuria yake.

20 Agosti

Nilichokiogopa kimefika. Mheshimiwa ametangaza kufungua bwawa la juu, lile lililo juu ya maporomoko. Wageni wanasema jukwaani wanabanana, wanataka mahali ambapo hapajakanyagwa. Binti ndiye atakayepeleka kundi la kwanza, mwanzoni mwa Septemba.

Nilimwendea Mheshimiwa ofisini kwake. Nikamuuliza nani amepanda kukagua njia tangu wategua mabomu waondoke.

"Mama, mlima ni salama, karatasi zipo."

"Sijauliza karatasi. Nimeuliza nani amepanda."

Akaniambia watu wenye wasiwasi ndio wanaofukuza wageni. Nilirudi nyumbani nimevimba. Wifi akasema tumwache mtoto akue. Mume wangu alikuwa anatengeneza viatu vya binti vya kupandia, anashona soli mara ya pili juu ya mshono ambao haukuwa na kasoro.

29 Agosti

Mawingu upande wa mlima. Ni mapema mno. Nguo zimekauka, mimi roho iko juu juu.

4 Septemba

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo naandika ya jana.

Binti aliondoka na wageni wake alfajiri. Manyunyu yalipita yakakata, jua likatoka. Nilikuwa mezani namimina chai. Mgeni wa chumba cha mwisho, mzee mpole anayejifunza lugha yetu, akanigeuzia simu yake. Juzi jioni alipanda peke yake, akapita jukwaa, hakumwambia mtu.

"Mama, tazama. Nzuri sana."

Nikaona barabara pana iliyonyooka, na mawe meupe yamepangwa pande zote mbili kama njia ya kuingilia ikulu. Mwisho wa picha, jiwe kubwa lililopasuka katikati.

Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikamwagika kwenye kitambaa cha meza. Wifi akaja juu, kitambaa chake hicho. Nikamwekea simu mbele ya macho.

"Nani aliyapanga haya mawe?"

"Mimi. Siku ile ya chokaa. Yalikuwa yamekaa vibaya katikati, yameziba njia. Tukayasogeza pembeni tukayapaka. Si unaona yalivyopendeza?"

"Yalikuwa rangi gani?"

Akafikiri. "Nyekundu nyekundu hivi, imechakaa. Vijana walisema ni ya zamani, mlima umeshasafishwa."

Sentensi hiyo ilimwishia mdomoni. Nadhani aliuona uso wangu. Wategua mabomu walipotukusanya kutueleza kwamba nyeupe ni pita na nyekundu ni kifo, yeye alikuwa ng'ambo. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mimi niliyelala naye nyumba moja, nikimcheka jinsi anavyokunja taulo, sikumwambia.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, kiatu cha mtu mkononi.

"Mtoto anatafuta mawe mekundu ndipo apinde," alisema. "Hatayaona."

Simu ya binti haikupatikana, kule juu hakuna mtandao. Wifi akampigia Mheshimiwa. Nilimsikia vizuri, sauti yake huwa haihitaji simu. Tusipige kelele mbele ya wageni, msimu bado unaendelea, atatuma mtu kimya kimya. Wifi akamkatia.

Dereva wa pikipiki alitupakia wote wawili, akatufikisha kwenye kibao. Kutoka pale ni miguu. Sijui nilipandaje. Ninakumbuka ndala za maua za wifi, moja ilikatika, akaitupa na nyingine, akanipita. Ninakumbuka niliogopa kusikia mlio, na kila jani lililoanguka nililisikia kama ndio huo.

Tukapita jukwaa. Tukafika panapogawanyika njia. Kijia cha kulia kilikuwa kimefunikwa na majani, hakuna aliyekipita. Kwenye barabara ya zamani vumbi lilikuwa limejaa alama za viatu.

Walikuwa mbele kidogo, katikati ya barabara, mmoja nyuma ya mwenzake, wamesimama kimya kama watu walio kwenye foleni ya dirisha lililofungwa. Binti alikuwa wa mbele kabisa. Alikuwa amenyoosha mikono pande zote mbili kuwazuia. Kwenye mawe, manyunyu ya alfajiri yalikuwa yameosha chokaa, na chini yake ule wekundu ulikuwa unajitokeza, jiwe moja baada ya jingine, mpaka lile lililopasuka. Baadaye alinieleza kwamba jiwe la kwanza alilipita akadhani ni tope. La pili pia. La tatu akaisikia kichwani sauti yangu, mguu ukiwa hewani, akaurudisha pale pale ulipotoka.

"Mama, usije," alisema bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Siji. Tazama chini. Unaziona nyayo zenu?"

"Naziona."

"Basi rudini ndani ya hizo hizo. Aanze wa nyuma. Mtu asikanyage pengine popote."

Akawaeleza kwa lugha yao. Wa nyuma akageuka polepole, akaja, akafika kwangu, akakaa chini kama gunia. Akaja mwingine. Kisha ikawa zamu ya mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa katikati, naye hakuja. Alikufa ganzi. Alikuwa anatikisa kichwa tu, machozi yanamtoka, na nyuma ya mgongo wake walikuwa wenzake wawili na mwanangu, na hakuna awezaye kumpita.

Wingu lilikuwa limerudi. Mvua ikishuka, vumbi litakuwa tope na nyayo zitafutika.

Wifi akaanza kukunja gauni lake.

"Unafanya nini?"

"Mawe niliyapanga mimi."

Nikamshika mkono. Akanitazama, bila hasira. "Ulisema kweli, wifi. Niliwaachia vita. Hii niachie mimi."

Akaingia. Alikuwa peku, anaweka unyayo wake ndani ya alama ya kiatu, kisha alama inayofuata, kama mtu anayevuka sakafu iliyotoka kupigwa deki. Alipomfikia yule mama hakumvuta. Alimsemesha taratibu kwa lugha yao, muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, akaishika mikono ya yule mama akaiweka kiunoni mwake mwenyewe, akageuka yeye mbele, na yule mama akaficha uso kwenye mgongo wa wifi wangu. Wakaja hivyo, hatua kwa hatua. Nyuma yao wakaja wale wawili.

Matone ya kwanza yalianguka binti akiwa ameanza kurudi. Makubwa, ya kutoboa vumbi. Niliyaona yakitua ndani ya nyayo alizokuwa bado hajazifikia.

"Usikimbie," nikamwambia. "Tembea kama unavyotembea ukiitwa kuosha vyombo."

Akatembea hivyo hivyo, taratibu, kiburi chake chote kikiwa miguuni. Alipotoka nilimpiga kofi, nikamkumbatia, nikampiga tena begani. Halafu mvua ikashuka yote. Wifi alikuwa amekaa chini kwenye maji, anatazama nyayo zake, na meno yanamgongana.

5 Septemba

Wifi hajatoka chumbani. Nimempelekea taulo, nimelikunja anavyotaka yeye.

12 Septemba

Wategua mabomu wamerudi, baada ya wifi kwenda mwenyewe mjini kuwaita. Mheshimiwa alimwambia asithubutu. Alithubutu.

Leo asubuhi wamelipua moja. Madirisha yalitetemeka. Mume wangu aliangusha nyundo akakaa sakafuni, na nilikaa naye mpaka akaweza kusimama. Nje wageni walikuwa wameinua simu zao. Mlio ulipokwisha walipiga makofi.

Kiongozi wa wategua mabomu alikuja kuongea nasi jikoni. Binti alikuwa ameichomeka fimbo yake ya kutembelea pale aliposimama, kabla ya kugeuka. Bomu lilikuwa mbele ya fimbo, umbali wa kiatu.

Jioni nimemkuta mume wangu kwenye benchi lake. Ameweka mbele yake kiatu kimoja cha binti, hakishoni, hakipigi rangi. Anakitazama tu.

21 Septemba

Wageni wale wamewasimulia watu wao. Picha ya wifi akimtoa yule mama ilipigwa na mmoja aliyekuwa ameshatoka, wakati mimi sikuweza hata kupumua, na imeenea. Tulidhani ndio mwisho wetu. Tulikaa tukisubiri watu waahirishe.

Leo wifi ametusomea ujumbe ulioingia. Vyumba vyote vimeombwa kwa msimu ujao, na msimu wa baada ya huo. Wote wanauliza jambo moja, kama wataweza kuiona barabara ya zamani. Mmoja ameuliza kama nyayo bado zipo.

Wifi alipomaliza kusoma aliweka simu kifudifudi.

"Si ulisema tunaviuza," akaniambia.

Nilimwomba anisaidie kuanua mashuka, tukaanua.

24 Septemba

Seremala amekuja. Tundu limezibwa. Fremu ameing'oa wifi mwenyewe.

27 Septemba

Mvua ya kweli imefika. Binti na wategua mabomu wamerudisha mawe mekundu kukata barabara, wameyapaka rangi mpya. Baba yake amemwelekeza kwa kidole mezani, kwa kupanga vikombe, kila jiwe lilipokuwa. Binti anasema mwakani ataongoza tena, kwa kijia cha kulia. Nimemwambia sawa. Nimesema sawa na nimeumia, vyote kwa pamoja.

30 Septemba

Mkutano uwanjani, chini ya miavuli. Mvua imeosha chokaa yote ya mji, mawe yamerudi kuwa mawe. Mheshimiwa alikuwa na uso wa sherehe. Amesema tumetembelewa na bahati, dunia nzima inaulizia mawe yetu mekundu. Kwa hiyo kamati imeamua kwamba kwa msimu ujao mawe yote ya mji, kuanzia darajani, yapakwe nyekundu. Rangi imeshaletwa. Mtaa utakaoshinda utawekewa bomba.

Watu wakapiga makofi. Kweli kabisa, wakapiga. Bomba si kitu kidogo.

Nilimtafuta wifi kwa macho, nikijua yeye ndiye hunyoosha mkono wa kwanza. Hakunyoosha. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, kwenye ndoo kubwa ya rangi, akaketi juu ya kifuniko, akapanga gauni lake vizuri magotini.

"Dada, tunaomba rangi," akasema Mheshimiwa.

"Yakiwa mekundu yote, mtoto atapindia wapi?"

"Ni mapambo tu, dada."

"Yangu pia yalikuwa mapambo."

Makofi yakafifia. Mheshimiwa akacheka kidogo, akatazama saa, akasema watalizungumza. Watu wakaanza kutawanyika kwa sababu ya mvua. Wifi hakuondoka. Amekalia ile ndoo tangu asubuhi, na sasa ni alasiri. Binti amempelekea mwavuli. Mume wangu amempelekea viatu.

Nimemchemshia chai, nimeiweka kwenye chupa. Nitalifunga daftari hili nimpelekee, nimwambie asogee kidogo, ile ndoo ni pana, tunatosha wawili.